Ardhi Iliyoitwa Tupu: Habari za Mahame na Viwanja vya Rumonge

Msafiri aingiaye Rumonge kwa barabara itokayo Bujumbura, ambayo kwa zaidi ya kilomita sabini huandamana na Ziwa Tanganyika upande wa kulia na milima upande wa kushoto, huujua mji kwa harufu kabla ya kuuona, kwa kuwa mawese yanayochemshwa na dagaa wanaoanikwa juani humpokea kabla ya nyumba ya kwanza. Akiisha kuingia mitaani, katika Mtaa wa Swahili, au Birimba, au Kanyenkoko ulioko karibu na maji, na akaacha kutazama maduka akatazama nafasi zilizo baina ya nyumba na nyumba, ataona kitu ambacho wenyeji wamekwisha kukizoea hata hawakitazami tena: kiwanja chenye msingi wa mawe uliofika magotini, rundo la matofali lililoota kuvu, na mpapai uliostawi katikati ya chumba ambacho hakijapata kuwa chumba. Akiuliza ataambiwa kwamba hiyo ni parseli ya fulani, naye fulani yuko Bujumbura, au Kigoma, au Ulaya; na ya kwamba msingi ule hakuujenga ili alale ndani yake mwaka huu wala mwakani, bali aliuweka uwe shahidi wake mbele ya serikali, kwamba ardhi hii ina mwenyewe na mwenyewe ameanza kuiendeleza.

Shahidi huyo wa mawe hakuwekwa bure. Sheria ya ardhi ya Burundi, kama zilivyo sheria za nchi nyingi jirani, haimpi mtu kiwanja cha serikali kwa ukamilifu siku ile anapokilipia. Humpa kwanza haki ya muda, kwa sharti la kukiendeleza, na haki ya kudumu humfikia baada ya jengo kusimama. Asiyejenga huweza kunyang'anywa, akapewa mwingine aliye tayari. Katika miaka ya 1980 serikali iliunda vyombo vya kuisukuma kazi hiyo mbele, mathalan shirika la ECOSAT lililokabidhiwa kupima na kutengeneza viwanja, na mfuko wa FPHU uliokabidhiwa kukopesha fedha za kujengea, kwa muradi kwamba ardhi iliyokwisha kutengwa kwa makazi isikae ikiota majani ilhali watu wanapanga chumba kimoja kwa familia nzima. Ng'ambo ya mpaka, katika Tanzania, barua ya toleo la kiwanja huweka muda wa miezi 36 wa kujenga. Na hata hivyo katika ule mradi mashuhuri wa viwanja 20,000 ulioanzishwa Dar es Salaam mwaka 2002, viwanja vingi vilikaa miaka na miaka bila jengo, maana waliovinunua walivifanya akiba, kama mtu awekavyo dhahabu sandukuni.

Mimi siipingi kanuni hiyo. Ardhi ya mjini ikifungwa na mtu mmoja asiyeitumia, anayeumia ni yule mwenye watoto na asiye na paa. Lakini katika Rumonge neno hilo moja, «tupu», lina tarikhi yake, nayo ni tarikhi ya machozi. Na afisa anayekuja na ramani yake kuandika kwamba kipande fulani hakitumiki, akasahau kuuliza kimekuwaje hata kisitumike, huenda akaihalalisha dhuluma ya zamani kwa muhuri mpya. Hilo ndilo linalonifanya niandike.

Kanuni yenyewe, kwa kweli, si ngeni kwa Waislamu wa pwani hii ya ziwa. Mafakihi huiita ardhi isiyo na mwenyewe wala dalili ya kutumiwa kuwa ni mawati, yaani ardhi mfu, na hadithi iliyo mashuhuri humpa milki yule aihuishaye. Kisha pakahofiwa hila ya mtu azungushaye mawe ukingoni akajitengea nchi pana asiyoilima wala kuijenga. Ndipo ikapokewa kutoka kwa Khalifa Umar bin Khattab hukumu kwamba aliyeweka mawe ya mipaka hana haki tena baada ya miaka 3 ikiwa hakufanya kitu. Msomaji ataona kwamba msingi wa magotini wa Rumonge na miezi 36 ya Tanzania ni mas'ala yaliyokwisha kuzungumzwa zamani sana. Walakini mafakihi hao hao walitanguliza sharti mbele ya yote: ardhi iwe mfu kweli. Ardhi ya mtu aliye safarini, au aliyekimbia upanga, haifi kwa sababu ya yeye kutokuwapo. Na katika riwaya ya hadithi hiyo imo nyongeza inayokataa kuupa haki mzizi wa dhalimu, nayo masharihi wameifasiri kwamba mti uliopandwa katika ardhi ya mwingine bila ya ridhaa yake haumzalii mpandaji milki. Mzizi huo nitaurudia tutakapofika kwenye michikichi.

Kwanza tulitazame ziwa lenyewe. Takriban mwaka 1878 maji yaliyokuwa yamejaa kupita kiasi yalivunja kizuizi kilichoziba mlango wa mto Lukuga, upande wa Kongo, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kadiri ya mita kumi, likaacha pande zote ukanda wa mchanga na udongo ambao wazee wa kabla ya hapo walikuwa wakiupitia kwa mtumbwi. Katika ufuo huo walikutana wavuvi Warundi na wafanyabiashara wa Kiswahili na Kimanyema waliotoka Ujiji na majahazi yao, wakileta nguo na chumvi ya Uvinza, wakichukua pembe, na, jambo lisilofaa kufichwa, wakichukua watu pia. Mwaka 1879 wakaja Mapadre Weupe wakafungua misheni Rumonge; na tarehe 4 Mei 1881, katika ugomvi baina yao na wenyeji walioitwa Wabikari, wakauawa mapadre Deniaud na Augier pamoja na msaidizi wao d'Hoop. Misheni ikahamwa. Basi hilo ndilo ganjo la kwanza la Rumonge lililoandikwa katika vitabu: nyumba iliyojengwa, ikaachwa, ikarudiwa na majani. Waswahili wao walibaki, ijapokuwa Muhammad bin Khalfan al-Barwani, yule aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, hakufaulu kuishinda dola ya Mwami Mwezi Gisabo kule milimani. Wakaoana na wenyeji, wakapanda minazi michache na michikichi mingi, wakajenga msikiti, na lugha yao ikawa lugha ya soko.

Mara ya pili ardhi hii ilifanywa tupu na mbung'o. Malale yalipoingia katika ziwa mwanzoni mwa karne ya ishirini, Wadachi, yaani Wajerumani, ambao ndio waliokuwa wenye nchi wakati huo, walianzisha vituo vya kutibu katika ufuo wa Urundi, wakaamrisha vichaka vifyekwe, na watu wa vijiji vya majini wakahamishwa wasikae karibu na mdudu. Sitasema kwamba walikosea, kwa kuwa ugonjwa ule ulikuwa ukiua jamii nzima, na dawa yake ilikuwa haijapatikana iliyo ya kutegemewa. Lakini anayehamishwa kwa amri huacha nyuma yake migomba, na makaburi, na jina la mahali. Na majani yakiisha kuota juu ya hivyo vyote, ajaye baadaye haoni ila pori.

Wabelgiji walikuja mwaka 1916 na pori hilo wakalikuta, nao walikuwa na sheria iliyokwisha kunolewa katika Kongo ya Mfalme Leopold, ambamo tangu tarehe 1 Julai 1885 ardhi yote iliyohesabiwa kuwa wazi ilifanywa mali ya dola. Sheria ya mwaka 1925 ilipoiunganisha Ruanda-Urundi na utawala wa Kongo, mtazamo huo ukavuka ziwa: lililolimwa lilikuwa la wenyeji, lisilolimwa lilikuwa la serikali. Katika miaka ya 1950 tambarare ya Imbo ikapimwa kwa kamba, ikakatwa mashamba yaliyonyooka, na watu wakateremshwa kutoka milima iliyojaa wakapewa vipande vya kulima pamba na michikichi. Wakati huo huo, katika Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, Waswahili walikuwa wamekwisha kutengewa mtaa wao wa Buyenzi, wenye njia zilizonyooka na viwanja vidogo vilivyohesabiwa. Huo ulikuwa ndio mpango wa makazi katika ardhi isiyotumika, kama ulivyoeleweka zama zile, na hauna budi kupewa haki yake: wengi walipata riziki kwa ule mgawanyo. Neno la kuangalia ni kwamba aliyepewa kipande hakupewa milki. Alipewa ruhusa ya kukaa maadamu analima, na ruhusa huweza kuondolewa na yule aliyeitoa.

Nafika sasa katika mwaka 1972, na hapa nitakwenda polepole. Tarehe 29 Aprili mwaka huo waasi walishambulia Rumonge na Nyanza-Lac na sehemu nyingine za kusini, wakaua maafisa na raia, wengi wao Watutsi. Na serikali ya Rais Micombero ikajibu kwa mauaji yaliyoenea nchi nzima dhidi ya Wahutu, hasa wenye elimu na wenye mali, mauaji ambayo waliofanya hesabu huyakadiria kuwa ya watu laki moja na zaidi. Watu wa ufuoni walikuwa na ziwa mbele yao. Walioweza walivuka kwa mitumbwi usiku, wengine wakapita nchi kavu mpaka Kigoma, na kutoka huko wakapelekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, ambako walikata msitu wa miombo wakaanza maisha upya. Nyuma yao, katika Rumonge, walibakisha nyumba zilizo wazi milango na michikichi iliyobeba matunda yasiyo na wa kuyakata.

Basi tazama namna utupu unavyotengenezwa. Mwenye shamba amekwenda, hakuuza, hakutoa hiba, hakurithisha. Mwaka mmoja hupita, majani yakafika kiunoni. Wa pili, watawala wa mahali wanaliandika shamba lile kuwa halina mtu, wakampa aliyeteremka kutoka milima ya Bururi au mkoa mwingine, naye mara nyingi ni maskini asiyejua, au asiyetaka kujua, jina la aliyetangulia. Sehemu nyingine ikachukuliwa na serikali yenyewe ikapandwa michikichi ya kisasa chini ya shirika la maendeleo lililoitwa SRD Rumonge, kwa mistari iliyonyooka kama safu za sala, na mistari ile ikapita juu ya viambaza vya zamani, na miyenzi iliyokuwa ua wa mtu ikang'olewa isizuie jembe. Mchikichi huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, ukaendelea kuzaa miaka ishirini na zaidi. Ukiisha kuukuza, kuutolea jasho, na kusomesha mtoto kwa mafuta yake, ni vigumu sana kuamini kwamba mzizi wake umesimama mahali pasipokuwa pako.

Serikali haikukosa kuliona jambo hilo. Tarehe 30 Juni 1977, katika siku za Rais Bagaza, ilitolewa amri ya kuwarudishia haki zao waliokimbia mwaka 1972. Lakini waliothubutu kurudi walikuwa wachache, na utekelezaji wake ukawa dhaifu. Kisha ikaja sheria ya ardhi ya tarehe 1 Septemba 1986, ambayo ilithibitisha kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni ya dola, ikawapa watawala uwezo wa kuigawa kwa ngazi, gavana wa mkoa akiweza kutoa mpaka hekta 4 na waziri mpaka hekta 50. Na kwa kanuni ya kupita kwa muda, aliyekalia ardhi miaka 30 bila kusumbuliwa alihesabiwa kuwa mwenyewe. Hesabu miaka 30 tangu 1972, msomaji, uone inaangukia wapi. Inaangukia mwaka 2002, nao ndio mwaka ambao wakimbizi, baada ya mapatano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000, walianza kurudi kwa maelfu. Mtu aliyezuiliwa kurudi kwa hofu ya kuuawa alikuta saa ya sheria imekwisha kupiga, na aliyekuwa amekaa alikuta amelindwa na karatasi. Waandishi wa mapatano ya Arusha waliliona hilo, wakaweka neno la wazi kwamba mkimbizi arudishiwe mali yake au apewe fidia. Lakini kati ya mapatano na shamba kuna safari.

Safari hiyo ilikabidhiwa tume ya ardhi, CNTB, iliyoanzishwa mwaka 2006. Chini ya mwenyekiti wake wa mwanzo, Padre Astère Kana, mwelekeo wake ulikuwa ni sulhu: shamba likatwe nusu kwa nusu, aliyerudi achukue upande na aliyekaa achukue upande, na mstari wa michikichi uwe mpaka. Chini ya Monsinyori Sérapion Bambonanire, tangu mwaka 2011, mwelekeo ukageuka: mali irudi kwa mwenyewe wa kwanza kwa ukamilifu. Mwaka 2014 ikaundwa hata mahakama maalumu ya ardhi. Katika kusini nzima, na Rumonge ikiwa katikati yake, kila hukumu iliacha mtu mmoja akilia, kwa sababu mara nyingi wote wawili walikuwa na haki ya namna yake. Ushahidi uliotegemewa aghalabu haukuwa karatasi. Ulikuwa ni mwembe wa babu, kaburi lililojengewa mawe, mfereji. Mzee akitembea mbele na fimbo, wajumbe wakimfuata, akisimama na kusema nyumba ilikuwa hapa, mlango ulitazama ziwa. Tume ilimaliza muda wake mwaka 2022, na kesi hazikwisha pamoja nayo.

Rai yangu katika mas'ala haya ni kwamba sulhu ya Padre Kana, pamoja na upungufu wake, ilikuwa na insafu zaidi kwa pande mbili zilizo maskini, na ilikuwa na dhuluma pale tu upande mmoja ulipokuwa tajiri au dola. Mkulima mwenye michikichi arobaini akigawana na aliyerudi kutoka Katumba, wote wawili hubaki na chakula. Mkubwa aliyejichukulia hekta nyingi kwa cheo chake hana haja ya kugawiwa nusu ya alichoghusubu.

Kwa wale waliorudi bila kujua hata kilima chao cha asili, kwa kuwa walizaliwa Mishamo na wazee wao wamefariki, serikali pamoja na Umoja wa Mataifa ilianza kujenga vijiji vya amani kuanzia mwaka 2008, na kimoja katika hivyo ni Mutambara, karibu na mji wa Rumonge. Hapa ndipo mpango wa nyumba katika ardhi ya serikali ulipofanyika kwa namna iliyo dhahiri kabisa: safu za nyumba zinazofanana, mabati yanayong'aa, Wahutu na Watutsi, waliorudi na waliokuwapo, wakichota maji bomba moja. Ni kazi njema. Lakini nyumba si shamba, na Mrundi aliyepewa chumba bila itongo la kulima hujihesabu kuwa mgeni. Wengi wa Mutambara huamka alfajiri kwenda kufanya kibarua katika michikichi ya watu wengine, kisha jioni hurudi katika nyumba nzuri isiyo na chungu motoni.

Mji ulipofanywa makao makuu ya mkoa mpya mwaka 2015, haja ya viwanja ikazidi, na hata sasa, mkoa huo ulipokwisha kuingizwa katika mkoa mkubwa wa Burunga mwaka 2025, haja haikupungua. Na ziwa nalo limerudi kudai. Sheria ya maji ya mwaka 2012 ilikataza kujenga ndani ya mita 150 kutoka ukingo wa Tanganyika. Wengi waliidhani kali, hata maji yalipopanda katika miaka iliyopita, na mwaka 2024 Kanyenkoko ikaingiliwa nyumbani, watu wakibeba milango na mabati vichwani kuyaokoa. Hao nao wanahitaji mahali pa kujenga, na mahali hapo pataandikwa katika ramani kuwa hapatumiki. Ombi langu kwa wapimaji ni dogo: kabla ya kupiga mawe ya mipaka, wawaite wazee wa mahali, wawaulize nani alilima hapa, na majibu yaandikwe katika daftari la komini kwa majina na mashahidi.

Na kwenu ndugu zangu wa Rumonge, mliokaa na mliorudi, msingoje kuitwa. Aliyekuwa na umri wa miaka ishirini mwaka 1972 sasa amepita sabini, na kila mwaka msikitini na kanisani tunawasalia baadhi yao. Chukueni daftari, nendeni nao mashambani wangali na miguu ya kutembea, wawaonyeshe mwembe na kaburi, muandike.